Chumba cha kurekodia cha Sinza: kwa mwalimu ambaye kamera imemshinda

Nimefundisha Hisabati shule ya msingi miaka 24, mingi yake darasa la sita na la saba. Nimesimama mbele ya watoto 112 katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya watoto 45, chaki imebaki kipande cha ukubwa wa kucha, na sauti yangu ikafika dawati la mwisho. Mkaguzi akiingia ghafla, naendelea na somo pale pale nilipofikia. Lakini Januari mwaka huu nilikaa mezani kwangu, nikaiegemeza simu ya binti yangu kwenye kopo la sukari, nikabonyeza kile kitufe chekundu, na neno la kwanza halikutoka.

Ninayaandika haya kwa walimu wenzangu, na kwa mafundi, wauguzi, wapishi na kila mwenye ujuzi anaotaka kuufundisha kwa kozi ya mtandaoni lakini akianza kurekodi anakwama. Ndani ya miezi miwili nimelipia vyumba viwili vya kurekodia hapa Dar es Salaam. Cha kwanza nilitoka nimeamini kabisa kwamba kazi hii si yangu. Cha pili, kilichopo Sinza, nimetoka na masomo 14 yaliyokamilika. Tofauti yao haikuwa vifaa. Kama ingekuwa vifaa, cha kwanza kingeshinda mara kumi.

Kwanza niseme nilichotaka kurekodi. Kila mwaka, ikikaribia mitihani, wazazi hunijia na madaftari ya watoto wao. Mama anafungua ukurasa wa sehemu, anaweka kidole, ananiambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mtoto ananiuliza hapa nami sijui." Wengine ni watu wa biashara, wanapiga hesabu ya mtaji na faida kichwani bila kukosea, lakini ukiandika nusu kujumlisha theluthi kwenye karatasi wanarudi nyuma kama wameona nyoka. Walifundishwa kukariri. Walipewa MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, wakaiimba darasani bila kuelezwa inafanya kazi gani. Nikasema nitawatengenezea kozi yao watu wazima: sehemu, desimali na asilimia, kwa Kiswahili, pole pole, bila kumwaibisha mtu.

Nilijaribu nyumbani wiki tatu. Nilikuwa nasubiri watoto walale na redio ya jirani izimwe. Nikibonyeza tu kile kitufe, mate yanakauka, ulimi unaganda, moyo unapiga hadi nausikia masikioni. Binti yangu ni muuguzi, akanieleza kwamba huo ni mwili unajiandaa kwa hatari: unamwaga adrenalini, damu inakimbilia kwenye misuli, pumzi zinakuwa fupi na zinakaa juu kifuani. Mtu mwenye pumzi fupi hamalizi sentensi ndefu, kwa hiyo sauti inakatika katikati, anajisikia inakatika, anaogopa zaidi. Nilimwelewa vizuri. Lakini kuelewa hakukunisaidia. Nilirekodi, nikafuta, nikarekodi, nikafuta, mpaka usiku mmoja nikalia jikoni peke yangu.

Ndipo nikaenda kwenye kile chumba cha kwanza, mjini, ghorofa ya nne. Jina lake silitaji kwa sababu hawakunikosea adabu wala hawakunidhulumu. Kuna kiyoyozi, kamera mbili kubwa, taa tano, na kile kioo kinachopitisha maneno mbele ya lenzi ili usome huku ukionekana unamtazama mtazamaji. Nilikuwa nimeandika somo zima, kurasa sita. Wakanikalisha, wakanipaka poda, wakaondoka wote, wakaingia chumba cha pili. Nikabaki na taa. Halafu sauti ikatoka kwenye spika juu ya kichwa changu: "Mama, tuko tayari, anza."

Nikasoma. Na kilichosikika ni kusoma tu. Macho yalikuwa yanatembea kushoto kulia, kushoto kulia, na sauti ikawa ya taarifa ya habari. Nikichelewa kidogo maneno yanapanda na kupotea, nikiharakisha nafika mahali hayajatokea. Nikikosea, spika inasema, "Rudia kuanzia juu." Niliambiwa hivyo mara nyingi mno. Saa mbili, shilingi 180,000, na tulichoweza kutumia kilikuwa dakika tatu. Nimezitazama dakika hizo. Kila neno ni sahihi, asili na kiasi, yaani namba ya chini na ya juu ya sehemu, vimetajwa ipasavyo, na mimi mwenyewe nisingejifunza kitu kwa mama yule.

Cha Sinza nilielekezwa na mwalimu mwenzangu wa Sayansi. Ni chumba kimoja uani, nyuma ya nyumba ya watu, umbali wa kutembea kutoka kituo cha Afrika Sana. Ukikiona kwa nje utadhani ni stoo. Ndani ni hatua sita kwa tano. Kutani wamesimamisha magodoro ya zamani na kuyavisha vitenge, sakafuni kuna zulia zito, mlangoni limening'inia blanketi. Nilimuuliza kijana mwenye chumba mbona hana trei za mayai kama ninavyoziona kwenye vyumba vya wengine. Akasema alizitoa, haziwezi kumeza sauti ya mtu. Kinachomeza mwangwi ni kitu kinene na laini, kama godoro. Nilipopiga kofi kujaribu, sauti ilikufa pale pale mkononi. Vifaa vyake ni simu janja mbili, stendi mbili, taa mbili, na maiki ndogo ya kubana kifuani yenye waya mrefu. Basi.

"Shikamoo mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akanipa maji, si ya baridi, ya kawaida tu, akasema ya baridi hukaza koo na chai ya maziwa hufanya mtu akohoe kohoe. Kisha akaniuliza swali ambalo kule ghorofani hakuna aliyeniuliza.

"Mwalimu, unamfundisha nani?"

Nikamwambia watu wazima, wazazi, wafanyabiashara.

"Hao ni wengi. Nani hasa? Mchague mmoja."

Nilinyamaza. Nikamfikiria jirani yangu anayeuza vitumbua, mwenye mtoto darasa la saba, aliyewahi kunirudishia daftari bila kunitazama usoni. Nikasema, yupo mmoja. Akasema, "Basi leo mimi ndiye huyo. Na mimi sehemu zilinishinda darasa la tano, sikudanganyi. Uso wako leo haturekodi. Mikono tu."

Akafunga simu moja juu ya meza, ikitazama chini, ikiona karatasi ya manila na mikono yangu. Akabana maiki kwenye gauni. Halafu akavuta stuli, akakaa mbele yangu, ng'ambo ya meza, magoti yake yakigusa ubao wa meza, akaweka viwiko juu kama mwanafunzi. Hakusema "tayari" wala "anza". Alisema, "Mwalimu, nusu kujumlisha theluthi, mimi napata mbili ya tano. Nimekosea wapi?"

Hili ndilo kosa ninaloliona kila mwaka tangu nianze kazi. Mtoto anajumlisha juu na juu, moja na moja mbili. Anajumlisha chini na chini, mbili na tatu tano. Ningeweza kumwambia tafuta KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, kama kitabu kinavyosema. Lakini pembeni mwa meza kulikuwa na sahani ya chakula chake cha mchana, chapati mbili na bakuli la maharage, mama ntilie alikuwa ametoka kumletea. Nikavuta sahani.

"Hii chapati nikiikata nusu, nikakupa nusu, unayo kiasi gani?" Nikaikata kwa mkono, ile nusu nikaiweka mbele yake juu ya manila. "Nusu." "Sasa wewe unasema nikikuongezea theluthi, utakuwa na mbili ya tano. Haya, tuione hiyo mbili ya tano." Nikachukua chapati ya pili, nikaichana vipande vitano, nikijitahidi vilingane, nikatoa viwili, nikavipanga chini ya ile nusu. Akavitazama. Akainama karibu zaidi. Vile viwili havikuifikia ile nusu, vilipungua kwa kipande kama cha upana wa kidole gumba.

"Mwalimu," akasema, "nimeongezewa halafu imepungua!"

"Ndiyo. Kwa hiyo hesabu yako inasema mtu akikupa chapati unakuwa na chapati kidogo kuliko mwanzo. Inawezekana?"

"Haiwezekani."

"Basi kosa liko pale chini. Ile tano ya chini umeitoa wapi? Mbili ya chini ilikuwa inasema chapati imekatwa vipande viwili. Tatu inasema imekatwa vipande vitatu. Vipande havilingani. Huwezi kuvihesabu pamoja mpaka uvikate vilingane." Nikaikata ile nusu vipande vitatu vilivyolingana. Nikamwuliza, chapati nzima ingetoa vingapi vya hivi? Sita. Nusu ni vingapi? Vitatu. Theluthi je? Akahesabu kwa kidole juu ya karatasi, midomo ikitembea. "Viwili." Jumla? "Vitano. Tano ya sita." Alirudi nyuma kwenye stuli akashika kichwa. "Yaani ni hivyo tu? Miaka yote hii?"

Ndipo nikakumbuka simu iko juu ya kichwa changu na kwamba tumerekodi dakika kumi na moja. Koo halikukauka. Sikuwa nimetazama zile kurasa sita hata mara moja, zilikuwa bado kwenye mkoba. Somo hilo ndilo la kwanza kwenye kozi yangu, na tumeliacha lilivyo, na lile "imepungua!" la kijana limo ndani.

Jioni hiyo ndani ya daladala ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanitesa. Darasani mimi husoma nyuso. Nikitamka "asili" naona nani amekunja paji la uso, nani anatazama dirishani, nani anatingisha kichwa ili tu nipite. Kila baada ya sentensi mbili tatu nabadilisha njia kufuatana na nyuso hizo, bila hata kujua kwamba ninabadilisha. Kamera haitingishi kichwa. Unasema jambo, linadondoka kwenye kimya, hujui limefika au halikufika. Mimi nilidhani naogopa kutazamwa. Kumbe nilikuwa naogopa kusema bila mtu wa kuniambia, "Nimeelewa."

Marehemu baba alikuwa akitusimulia habari za mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kijijini kwao walikuwa na kikundi cha kusikiliza. Redio moja katikati, watu wamekaa kwenye mikeka, kipindi kikiisha wanajadili, kesho yake wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayofuga mbu. Baba alikuwa akisema yule mtangazaji wa Dar es Salaam alizungumza kama anamwona. Nimelifikiria sana neno hilo. Mtangazaji hakumwona baba yangu hata siku moja, lakini bila shaka kuna mtu alikuwa anamwona mbele yake kila alipofungua mdomo. Hata Salman Khan, yule Mmarekani ambaye video zake za hesabu zimeenea dunia nzima, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake mmoja aliyekuwa mji mwingine, na video za YouTube zikafuata mwaka 2006. Uso wake huuoni, ni ubao mweusi, mwandiko wa rangi na sauti ya mtu anayemweleza binamu yake.

Siku ya pili kijana alisema sasa tujaribu na uso. Akaweka simu ya pili kwenye stendi, lenzi ikawa sawa na macho yake, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, naye akakaa kwenye stuli ile ile. Nikimtazama yeye, kwenye video naonekana namtazama mtazamaji kwa mkengeuko mdogo usiosumbua. Kioo cha simu akakifunika kwa kipande cha kitenge nisijione. Hili naomba mlichukue hata kama mnarekodi nyumbani. Mtu anayejiona wakati anafundisha ameacha kufundisha, anatazama mtandio umekaaje.

Na mkijitazama baadaye msishtuke. Nilipoletewa video ya kwanza yenye uso wangu nilimwambia binti yangu huyu si mimi, uso umepinda. Akanieleza kwamba miaka yote nimejiona kwenye kioo, ambako kulia ni kushoto, na kamera ya mbele ya simu nayo mara nyingi hukuonyesha hivyo hivyo kama kioo unapojitazama. Lakini video iliyorekodiwa inakuonyesha kama watu wanavyokuona. Sauti nayo vile vile. Ukiongea, unajisikia kwa hewa na pia kwa mtetemo unaopita kwenye mifupa ya kichwa, ndio unaoipa sauti uzito. Kwenye rekodi ile ya mifupa haipo, unabaki na nyembamba. Sauti hiyo nyembamba ndiyo ambayo wanafunzi wangu wamekuwa wakiisikia miaka yote 24, na hawakuwahi kuikataa. Nilipojua hilo nilitulia.

Jambo jingine nililofundishwa pale ni kofi. Kule ghorofani kosa lilikuwa linasimamisha kila kitu. Huku kijana aliniambia, "Ukikosea, usiseme samahani, usitoe ulimi, usicheke. Piga kofi moja, nyamaza uhesabu tatu, halafu anza upya sentensi ile tu. Si somo zima. Sentensi." Kofi linaacha mwiba mrefu kwenye mchoro wa sauti, na anayehariri anauona kwa mbali, anakwenda moja kwa moja kukata. Ule muda wa kuhesabu tatu nao unakurudishia pumzi. Somo la KDS na KKS, yaani kigawo kikubwa cha shirika, nilipiga makofi kumi na tisa, nimeyahesabu. Ukilitazama leo hutajua. Mtu akishajua kwamba kosa litakatwa kwa mkasi, mkono haumtetemeki tena anapolikaribia neno gumu.

Usidhani hofu iliondoka ikaenda zake. Siku ya tatu kijana aliitwa nje, akaniambia endelea, na nikaendelea dakika nane nikiitazama stuli tupu, nikimwona jirani yangu wa vitumbua amekaa juu yake. Nilifurahi mno. Siku ya nne tukarekodi utambulisho, mimi ni nani, nimefundisha wapi, kwa nini usome kozi hii, na kila kitu kikarudi: mate, moyo, sauti kukatika. Tulikwama saa nzima. Sehemu naweza kumfundisha mtu yeyote, lakini kujisema mwenyewe sijazoea, nimelelewa kwamba mtu hajisifu. Mwishowe kijana akazima, akasema tuache, uje uurekodi mwisho kabisa, siku ambayo masomo yote yameisha. Ndivyo tulivyofanya siku ya tano, na safari hiyo aliniuliza tu, "Mwalimu, hawa wazazi huwa wanakuja na nini?" nikamsimulia habari za madaftari. Huo ndio utambulisho wangu. Kwa hiyo anayeanza, nakusihi, usianze na utambulisho. Anza na somo unaloweza kulifundisha hata ukiamshwa usingizini.

Sasa mapungufu, maana yapo na mtu analipia pesa yake.

Joto. Feni inazimwa wakati wa kurekodi kwa sababu maiki inaisikia, kiyoyozi hakuna, paa ni bati. Nilikwenda Februari na Machi. Ikifika saa sita mchana chumba kinakuwa tanuri. Nilikuwa natembea na kanga ya kujifutia jasho na baadhi ya video paji la uso linang'aa. Nendeni asubuhi, saa mbili hadi saa tano. Mvua nayo ikinyesha hakuna kazi, bati lile linapiga kelele mpaka mnasikilizana kwa ishara. Mara moja tulipoteza dakika 50. Kwa haki, dakika hizo hakunihesabia. Umeme ulikatika siku moja tukaendelea na taa zake za betri, ila ziliisha kabla ya somo.

Jambo ambalo nilimwambia mwenyewe usoni, nalirudia hapa: saa inaanza kuhesabiwa ukifika, si mkianza. Kupanga taa na maiki kunachukua dakika 20, na hizo zinatoka kwako. Kwa mtu mwenye hofu hiyo inaumiza, maana anaanza akijua muda unaliwa. Aliahidi kulitazama. Mpaka nilipomaliza lilikuwa vile vile.

Kuhariri kulichelewa. Niliambiwa siku tatu, masomo manne ya kwanza yakaja siku ya tisa. Nilipiga simu, akapokea kila mara, hakunikwepa, alikuwa peke yake na kazi nyingi. Masomo ya mwisho yalikuja kwa wakati. Njoo na flashi yako yenye nafasi ya kutosha, masomo yangu kabla ya kuhaririwa yalijaza GB 22 na yeye hana ya kugawa. Na usitumie ubao mweupe wa pale, taa zinaupiga unang'aa na maandishi yanapotea. Manila mezani na makapeni nyeusi ndivyo vilivyofaa, na kwa hesabu ni bora, maana mtazamaji anaona mkono unavyotembea.

Nguo pia. Kitenge kipya chenye nta hupiga kelele kila ukipumua kwa sababu maiki iko kifuani. Vaa pamba laini iliyofuliwa fuliwa. Bangili ziache nyumbani. Mimi somo la desimali tulilirudia lote kwa sababu ya bangili mbili kugonga meza.

Bei: shilingi 30,000 kwa saa, ukichukua saa tatu ni 75,000. Nilikwenda mara tano, hiyo ni 375,000. Kuhariri ni 10,000 kwa somo, kwa masomo 14 ni 140,000. Jumla 515,000. Kwa mshahara wa mwalimu si pesa ndogo, niliitoa kwenye kikoba na bado nairejesha. Nikilinganisha na 180,000 zilizonipa dakika tatu, sijutii.

Nani asiende? Mtu anayetaka picha ya kiwango cha televisheni, mandhari ya kupendeza nyuma yake, vipodozi na kamera kubwa, pale atavunjika moyo. Mtu aliyeshazoea kamera hatapata cha ziada, ni afadhali arekodi kwake na magodoro yake mwenyewe. Na mwenye somo ambalo kijana halielewi kabisa aende na msikilizaji wake. Mwalimu wa Sayansi aliyenielekeza alikwenda na dada yake. Stuli inamsubiri yeyote, haitozwi.

Lakini wewe unayejua kazi yako vizuri, watu wanakufuata mpaka nyumbani uwaelekeze, halafu ukiona ule mwanga mwekundu unageuka jiwe, nenda Sinza. Umpigie siku moja kabla, umwambie wazi kwamba unaogopa. Mimi sikumwambia, aliona mwenyewe nilivyoshika mkoba. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaiongeza siku ile saa itakapoanza kuhesabiwa mkishakaa.

Mafungu mapya ya asilimia, riba na mikopo ya vikoba, nimeshayawekea nafasi Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi. Jirani yangu wa vitumbua amekubali kuja kukaa kwenye stuli. Ameniuliza aje na daftari la mtoto au la kwake, nikamwambia aje na yote mawili.